Sifa za Barua Sumbufu

Wapo wanaosifu mbunge, wapo wanaosifu sangara. Mimi namsifia mgeni asiyepangiwa miadi: barua ya ukurasa mmoja inayoingia masjala ya wilaya na kuuliza gari la ofisi lilikwenda wapi, lilimbeba nani, kwa siku ngapi na kwa posho kiasi gani.

Adabu yake haina mfano. "Yah: Maombi ya taarifa za safari. Husika na kichwa cha habari hapo juu." Mwisho: "Wako katika ujenzi wa Taifa." Tusi halimo. Lakini karani akifika mstari wa pili hugonga muhuri wa kupokelea polepole, kama mtu anayemswaga ng'ombe wa mkwewe.

Hapo ndipo safari inapoanza. Masjala, mkurugenzi, utumishi, mhasibu, mwanasheria, kisha inarudi kwa mkurugenzi na wino mwekundu pembeni: "Tushauriane." Mtumishi gani angezunguka hivyo bila masurufu? Yenyewe haijadai hata nauli ya bodaboda ya Usagara.

Tena ina ndugu mkubwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 30 kujibu. Na mwombaji asiyejua kuandika akieleza kwa mdomo, afisa ndiye anayeandika. Yaani mzee wa Kigongo anavuta kiti, anauliza taratibu, na afisa ananukuu kwa kalamu yake mwenyewe swali la posho yake mwenyewe. Hata kwaresima haifundishi unyenyekevu kiasi hicho.

Wataiita chokochoko. Sawa. Novemba 2015, akihutubia Bunge jipya, Rais Magufuli alitaja shilingi bilioni 356.3 zilizotumika kwa safari za nje katika miaka miwili tu ya fedha. Ilihitaji rais kusimama bungeni ndipo tuisikie hesabu hiyo. Barua inahitaji bahasha tu. Uingereza nako, maombi ya mwandishi Heather Brooke kuhusu marupurupu ya wabunge yalizungushwa kwa miaka hadi mahakama ikaamua 2008. Mwaka uliofuata Spika Michael Martin alijiuzulu.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba hufanya kazi hata isipojibiwa. Logbuku iliyopotea huonekana chini ya kiti cha dereva. Semina ya siku tano hukumbukwa kuwa ilikuwa ya siku mbili. Masurufu ya mwaka jana hurejeshwa yakiwa na risiti ambazo wino wake bado mbichi. Zamani, aliyelala Sengerema usiku wa ziada alisingizia foleni ya kivuko, na nani angembishia? Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi liko wazi, kilomita tatu za zege juu ya ziwa, na kisingizio kimezama.

Siku ya 30 jibu huja, fupi na la heshima: maombi yako yanashughulikiwa, ila afisa mwenye jalada yuko safarini Dodoma kikazi.

Nayo barua, kwa uungwana wake uleule, huuliza: kwa gari lipi?