Namna ya Kung'ara Maabarani Siku ya Wazazi

Wazazi watatoka Malava, Butere hadi Khayega waje Kakamega mjini kuona karo yao imefanya nini. Usiwaonyeshe ile chati ya elementi ukutani. Haijawahi kupigiwa makofi. Waonyeshe moto. Sogea karibu, haya yabaki kwetu sisi wawili.

Kwanza, chagua kipande kikubwa. Mwalimu hukata sodiamu ya ukubwa wa punje ya mchele, akaifuta mafuta ya taa inamohifadhiwa, kisha akasimama nyuma ya kioo. Muache, ana pensheni ya kulinda. Wewe beba bonge zima, tena kwa vidole. Koleo ni la waoga, na jasho la kiganja nalo ni maji, kwa hivyo onyesho litaanza mapema.

Pili, litumbukize kwenye karai la maji. Sodiamu itaelea, iyeyuke kwa joto lake yenyewe (nyuzi 98 zinatosha), ianze kukimbia huku na huku ikifoka haidrojeni. Inama uone vizuri. Miwani ya kinga huharibu picha. Ukipata potasiamu, heri zaidi: haingoji kiberiti, na mwali wake ni wa zambarau. Mwanakemia Humphry Davy alipoipata kule London mwaka 1807, inasemekana alirukaruka chumbani kwa furaha. Wewe nawe utaruka.

Tatu, asidi. Kitabu kinasema umimine asidi ndani ya maji, polepole. Geuza. Maji ni mepesi kuliko asidi ya salfuriki. Yatabaki juu, yatachemka papo hapo na kukurushia asidi usoni. Kilichobaki kwenye chupa kitilie vipande vya zinki, ukifunge kwa kizibo kisichotoka, maana haidrojeni ni mali, isipotee bure. Waliokaa nyuma watapata sehemu yao.

Meza ikishika moto, paza sauti: "Maji!" Majirani wema watakuja mbio na ndoo, na sodiamu itawashukuru. Ndoo ya mchanga mkavu pale mlangoni usiiguse. Ile huzima, na wewe hukuja kuzima.

Ukiitwa kwa mwalimu mkuu, taja mtaala wa umilisi. Si wanataka mwanafunzi atende badala ya kukariri? Umetenda.

Na kama roho yako ni nyepesi, Kakamega imekuwekea njia ya mkato: dhahabu. Ile iliyowavuta Wazungu hadi mgodi wa Rosterman miaka ya 1930 ilikuwa imenyeshewa tangu zama za kale bila kushika kutu, na asidi ya hidrokloriki peke yake haiiwezi. Basi azima pete ya ndoa ya mama yeyote aliyeketi mbele, itie kwenye asidi hiyo, kunja mikono. Isipofanya lolote, tangaza kwamba sayansi imethibitisha ndoa yake, upokee makofi. Ikianza kutoa mapovu, usimtazame mumewe.