Jinsi ya Kuwa Mtaalamu wa Simu Kabiru-ini Bila Kununua Hata Kava

Kila Septemba, Chama cha Kilimo cha Kenya kinapofungua shoo ya Nyeri pale Kabiru-ini, watu wazima huja na sababu mbili: ya kusema na ya kweli. Ya kusema ni mbegu na ng'ombe wa maziwa. Ya kweli ni mahema ya simu. Wewe pitiliza mpaka hemani. Ng'ombe utamkuta nyumbani. Wakubwa huenda maonyesho ya Barcelona kila mwaka kushika simu mpya, na Oktoba 2022 Kigali nayo ikaandaa maonyesho ya aina hiyo. Wewe nauli ya matatu kutoka Karatina inakutosha.

1. Ficha simu yako ya mulika mwizi. Zima sauti, itie mfuko wa ndani. Ukilazimika kuitoa, sema, "Hii ni ya M-Pesa tu." Utaaminiwa, maana nusu ya walio hemani wameshasema hivyo.

2. Ingia umekunja uso. Anayetabasamu ni mnunuzi, na mnunuzi haheshimiwi mpaka alipe. Kijana mwenye fulana ya kampuni akikwambia, "Karibu bosi," usimjibu. Chukua simu iliyofungwa kwa waya, ipime uzito kiganjani, igeuze, itazame mgongoni. Kisha bonyeza *#06#. Zitatokea tarakimu 15. Zisome polepole, guna kidogo, irudishe mezani. Kijana hatathubutu kuuliza umeona nini. Kwa siri yetu: hiyo ni namba ya utambulisho wa simu, na ndiyo iliyotumika mwisho wa Septemba 2012 Kenya ilipozima simu bandia zaidi ya milioni moja. Watu walilala na simu, wakaamka na kioo cha kujitazamia.

3. Sasa uliza. Hapa ndipo heshima ilipo, kwa hiyo usikimbie. Kijana akitamba kwamba kamera ni ya megapikseli 108, muulize, "Inaunganisha pikseli ngapi kuwa moja?" Mara nyingi ni tisa, na picha inayohifadhiwa huwa ya megapikseli 12. Usiseme jibu. Mwache alitafute kwenye karatasi ya matangazo, ambako halimo.

Akihamia kwenye RAM na kukuonyesha bango la "8+8", inamisha kichwa na uulize kwa upole, "Na ile ya kuazima ni ipi?" Nane ya pili huwa imechotwa kwenye hifadhi ya simu yenyewe, pale pale unapoweka picha za harusi, na haina mbio za ile ya kwanza. Akitaja lenzi tatu, gusa ile ndogo ya chini kwa ukucha na utabasamu. Atajua kwamba unajua. Hujui, lakini mara nyingi ni ya megapikseli 2, na ikipita wiki ya kwanza hakuna anayeifungua.

Tahadhari moja. Mahali fulani nyuma yako atakuwapo shosho kutoka Othaya, kiondo begani, ambaye hajui pikseli wala RAM. Atakupita, amguse kijana mkono, aulize, "Kijana wangu, inakaa na chaji siku ngapi? Na ikianguka shambani?" Hayo ndiyo maswali mawili ya maana yatakayoulizwa hapo siku nzima. Usikubali yaharibu kazi yako. Jibu wewe kabla ya kijana: "Inategemea matumizi, shosho." Jibu hilo halijawahi kukosea tangu simu zianze.

4. Piga selfi kwa simu yao. Mlima Kenya ukiwa wazi, uweke nyuma yako. Ukiwa umejifunika mawingu, sema kamera ndiyo dhaifu. Kijana akiomba namba akutumie picha kwa WhatsApp, kumbuka mfukoni una nini. Mpe ya shemeji yako.

5. Kutoka. Wengi huharibu hapa kwa kusema hawana pesa. Kijana atakutajia mpango wa lipa mdogo mdogo, ule ulioanzishwa na Safaricom mwaka 2020 kwa malipo yaliyoanzia shilingi 20 kwa siku. Hatakimbilia kukwambia kwamba usipolipa simu hujifunga yenyewe. Wewe jishike kiuno: "Mimi sichukui vitu vya mkopo." Usiseme unachukua vya nini. Halafu malizia, "Nasubiri ile inayofuata." Iko njiani, huwa iko njiani, na kijana huyo huyo ataileta Septemba ijayo akiisifu kuliko hii.

Ukitoka hapo, hema la pili liko jirani. Anza upya hatua ya pili. Na ukinikuta nimetangulia, nimekunja uso, tafadhali usinisalimie kwa jina.