Injini ya Valvu 20

Mtu akinunua injini ya gari, jamaa humjia na hongera; akinunua shafti, hakuna amwulizaye hali. Hayo sikuyatia moyoni hata pale shemeji yangu alipoazimia kuitoa ile injini ya lita moja na nusu, iliyokuwa ikiiendesha Corolla yake kwa salama na adabu, akatia mahali pake 4A-GE yenye valvu 20, ambayo Toyota waliipa silinda nne tu, yaani kila silinda na valvu zake tano, na ambayo, kwa kauli yake mwenyewe, ikinguruma Kisauni, watu wa Changamwe hushika vichwa.

Kuiingiza hakukuwa na taabu kubwa. Lakini injini ile ilikuja na gia boksi yake, na gia boksi ikaja na meno yake, ilhali magurudumu ya Corolla yalibaki na habu zake za zamani. Na baina ya aila mbili hizi zisizojuana sharti apatikane mshenga wa kuziridhisha zote mbili, naye ndiye shafti. Fundi alizilaza juu ya gunia shafti mbili, ya gari na ile iliyofuatana na injini, akazipangusa grisi kwa tambara, akatia alama ya chaki kwenye jino la kwanza, akahesabu kwa ncha ya kidole hadi akairudia chaki yake, akahesabu tena, kisha akanena kwa utulivu wa kadhi: "Bwana mkubwa, hii yaikubali gia boksi, yaikataa habu. Na hii yaikubali habu, yaikataa gia boksi."

Gari livutalo kwa magurudumu ya mbele, kila shafti yake ina viungo viwili. Cha nje, kilichobuniwa na mhandisi Alfred Rzeppa katika miaka ya 1920, kina gololi 6 zinazoliachia gurudumu likate kona bila ya mwendo kusitasita. Na cha ndani kina roli 3 ziendazo mbele na nyuma ndani ya kikombe, ili shafti irefuke na kufupika gari linapopanda na kushuka juu ya mashimo, ambayo barabara zetu zimejaaliwa maridhawa. Dawa yake basi yajulikana: kikombe kitokane na shafti iliyokuja, kiungo cha nje kitokane na ile kuukuu, na chuma cha katikati kichongwe upya. Shemeji alipendekeza zikatwe zikaungwe kwa kulehemu, fundi akakataa katakata, kwa kuwa moto hukiondolea chuma ugumu wake.

Taksiri ikabaki katika kipimo. Shafti ikizidi urefu, gari likibonyea huigonga difu. Ikipungua, gurudumu likining'inia roli huchomoka kikombeni. Kwa ajili hiyo fundi aliomba jeki, apime magurudumu yakiwa hewani. Lakini shemeji, aliyealikwa arusini Likoni alasiri ile ile, aliitazama saa yake akaamuru papimwe gari likiwa limesimama vivyo hivyo.

Tulivuka kwa feri kwa fahari kubwa, mimi mbele nimepakata sinia la halua, dada yangu nyuma katika baibui lililofukizwa udi. Wakati wa kushuka, tairi la kushoto likatumbukia katika ufa baina ya mlango wa feri na zege, likaning'inia, na chini yetu pakalia "tak!" Shemeji akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma kwa valvu zake zote, na gari lisisogee hata shibri moja; kwani difu, kwa hulka yake, huupeleka mzunguko upande usio na mzigo, na upande wa kushoto kikombe kilikuwa kikizunguka peke yake, kikiurarua mpira wake na kuirusha grisi, ilhali gurudumu la kulia, zima na salama, limetulia tuli.

"Valvu zote hizo," akauliza dada, "hakuna hata moja ya kusukuma?"

Aliyesukuma ni kijana wa mkokoteni, aliyeegesha mitungi yake ya maji kando akawaita wenzake. Alipokwisha aliinama, akachungulia uvunguni, akasema kwa taadhima: "Mzee, ekseli yangu mimi ni chuma kimoja, toka huku mpaka huku. Haijachomoka hata siku ya mvua."

Shafti zilichongwa tena, safari hii kwa kipimo cha jeki, na gari sasa laenda, ingawa likikanyagwa ghafla huvuta upande mmoja, kwa sababu gia boksi haikukaa katikati na shafti zake si sawa kwa urefu. Barazani shemeji bado hufungua boneti, na watu bado hustaajabu. Nyumbani lakini dada ameweka sharti: injini itasifiwa mezani pake baada ya risiti za shafti kusomwa zote kwa sauti, na hadi leo hakuna chakula kilichongoja mpaka zikaisha.