Mtu wa Lodwar na Mvua ya Bungoma: Kutoka Saba Hadi Moja

Lodwar haifikishi milimita 250 za mvua kwa mwaka. Matone yakianguka, watu hutoka nje kuyatazama kama wanavyotoka kutazama helikopta ya mwanasiasa. Basi nilipohamia Bungoma kikazi mwezi wa Aprili, nilifika na akala za tairi, mwavuli mmoja na kiburi kingi. Jioni moja tu ilinitosha. Tuhesabu kushuka.

7. Mwavuli. Kwetu mwavuli ni wa jua. Upepo wa Kanduyi uliupindua mara moja ukawa bakuli, nami nimeshikilia mpini kwa heshima zote. Mama mboga akaniuliza, "Baba, hilo bakuli ni la kuuza?"

6. Asubuhi. Asubuhi ya huku ni tapeli. Anga jeupe, jua linawaka, na Simiyu wa uhasibu anaingia ofisini na gambuti ndani ya gunia. Nikamuuliza kama anaenda kulima. Akanyamaza. Baadaye nilielewa: upande huu kuna Ziwa Victoria, upande ule Mlima Elgon wenye mita 4,321. Joto la mchana linaiinua hewa yenye unyevu wa ziwa, mlima unaisukuma juu zaidi, na kufikia saa tisa alasiri yote inatua kichwani mwako. Mimi nimezoea laga la kwetu la Kawalase, mto wa msimu ambao hufurika kwa mvua iliyonyesha milimani huko mbali, wewe huna hata wingu. Huku mvua na mafuriko husafiri pamoja.

5. Radi. Sina maelezo. Nilikuwa chini ya meza.

4. Mabati. Nilikimbilia kibanda cha chai, mvua ya mawe ikaanza kupiga paa. Niliagiza chai ya maziwa na mandazi mawili. Nikaletewa strungi na mayai mawili. Nikajaribu kulalamika kwa mdomo, kisha kwa mikono. Mwenye kibanda akaniongezea yai la tatu. Nililipa.

3. Bodaboda. Nauli ya shilingi 50 ilikuwa imefika 150.

"Kwani barabara imerefuka?"

"Hiyo ni bei ya mvua, mkubwa. Na nina mwavuli."

Mwavuli alikuwa nao kweli, ule mpana unaofungwa kwenye pikipiki. Ulimkinga yeye. Maji yote yalikusanyika kwenye ukingo wa nyuma yakashuka ndani ya kola yangu, taratibu, kama mtu anayejaza mtungi.

2. Tope. Akala hazikutengenezwa kwa udongo wa huku. Hatua ya kwanza, tope likashika soli. Hatua ya tano, nimerefuka inchi mbili. Hatua ya tisa, mguu ukaenda, akala ikabaki. Niliinama kuichomoa, mguu wa pili nao ukaamua kusafiri. Mtoto wa shule akanipita pekupeku, viatu kavu mkononi. "Anko, pita kwa nyasi." Nyasi zilikuwapo muda wote huo.

1. Majina. Kesho yake nilimwambia mwenzangu Wafula kwamba nimechoka na mvua. Akanikazia macho: "Umechoka na mimi?" Ndipo nikafunzwa. Kwa Wabukusu, Wafula na Nafula ni watoto wa msimu wa mvua, Wekesa na Nekesa wa mavuno, Wanyonyi wa palizi. Nusu ya ofisi ilikuwa kalenda ya shamba, nami nilikuwa nimeitukana miezi kadhaa kwa mpigo.

"Na wewe unaitwa nani kwenu?" akauliza.

Nikakohoa. Naitwa Lokiru. Kwa Kiturkana, akiru ni mvua. Ilinyesha siku niliyozaliwa, na kwa kuwa kwetu haijulikani itarudi lini, mama akaona aiandikishe.

Walicheka mpaka chai ya saa nne ikapoa. Simiyu peke yake hakucheka. Alikuwa anapangusa gambuti zake. Simiyu, kwa Kibukusu, ni kiangazi.