Kila Kitu Kinakimbia Isipokuwa Mwingereza

Mwingereza hapendi kukimbia. Mvua ikimnyeshea hupandisha kola ya koti akaendelea na mwendo wake uleule. Basi likimwacha huguna, akatazama saa, akasubiri lingine. Ukimwona anakimbia barabarani, ama amevaa nguo za mazoezi au ameiba. Lakini msikilize anapozungumza: pua yake inakimbia, maji ya kuoga yanakimbia, barabara inakimbia kutoka kaskazini hadi kusini, kampuni ya baba yake inakimbizwa na shemeji yake, rangi ya shati jekundu imekimbilia kwenye mashuka meupe, na maziwa, ambayo hayajapata kuwa na miguu tangu yakamuliwe, nayo yamekimbia yakaisha. Yote hayo ni kazi ya neno moja, "run".

Niliishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza, muda wa kutosha kulichukia neno hilo, kisha kulizoea, na mwishowe kuliheshimu. Sisi tuliosoma shule za msingi za Tanzania tulitambulishwa kwake kwa picha: mtoto, kaptula, mpira, vumbi. Run maana yake kimbia. Tukaimba run, ran, run, kengele ikalia, tukatoka nje kulifanyia mazoezi. Hakuna aliyetudokeza kwamba neno lile lina mambo mengine linayoyafanya likiwa kwao.

Wa kwanza kuumia alikuwa mjomba. Alikuja kututembelea majira ya baridi, na siku ya Krismasi yenyewe akaamua kwenda kumsalimia mtu wa kwao Tanga aliyekuwa akikaa upande wa pili wa mji. Tulipomfuata kituoni tulimkuta katika mjadala mzito na mzee mmoja aliyekuwa anamtembeza mbwa wake. Mzee alikuwa akimweleza kwa upole kwamba leo mabasi hayakimbii. Mjomba, ambaye maisha yake yote ameyakabidhi mikononi mwa madereva wa daladala, alifurahi mno kusikia hivyo. Alimhakikishia mzee kwamba hana haraka, basi hata likitembea taratibu litamfaa. Mzee akarudia maneno yaleyale kwa sauti ya juu zaidi, maana Mwingereza akiona mgeni hamwelewi hudhani ni kiziwi. Mjomba naye akapandisha yake. Mbwa akakaa chini. Hadi leo mjomba husimulia watu barazani kwamba madereva wa Uingereza wana adabu ya pekee: siku ya sikukuu hawakimbizi magari hata kidogo.

Kisa cha jirani yetu kilikuwa kizito zaidi. Alikuwa bibi mwenye umri wa kukaribia themanini, mwenye gari dogo la bluu lililobonyea kila upande. Jioni moja alinisimamisha getini, akatabasamu, akasema asubuhi ile huko mjini "I ran into your wife". Nilimtazama yeye, nikalitazama gari, nikaliona bonyeo jipya kwenye bampa la mbele. Nilichoweza kuuliza ni: yuko hospitali gani? Bibi wa watu akadhani mke wangu amepatwa na jambo baada ya wao kuagana, akaanza kutetemeka. Nilipomwona anatetemeka nikajua mambo ni mabaya kuliko nilivyofikiri. Tukashikana mikono pale getini, kila mmoja akimpa mwenzake pole ya msiba asioujua, mpaka mke wangu akatokea na mifuko ya viazi na kutuuliza kuna nini.

Kumbe walikutana tu, bila kupanga, mbele ya duka la samaki. Uovu wote uko kwenye kineno kidogo kinachofuata. Weka "into", mmekutana, au gari limeingia ukutani. Weka "over", umemkanyaga mtu. Weka "down", umemgonga, au umemsengenya, au betri imekwisha chaji. Weka "out", maziwa yamekwisha. Weka "up", deni limepanda. Weka "off", umetoroka, au umetoa tu nakala za barua ya ofisi. Kati ya kumsalimia mke wa jirani na kufikishwa mahakamani kwa kesi ya trafiki pana herufi nne tu, na mtu mzima anatakiwa azishike zote kichwani huku baridi inamtoa machozi.

Mahali pamoja, hata hivyo, tuliwapiku. Katika Kiingereza cha Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, tumbo likichafuka mtu husema ana "running stomach", na hakuna mwuza duka la dawa asiyejua afanye nini. Binamu yangu alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la bidhaa. Alfajiri moja alimpigia simu msimamizi wake kuomba ruhusa, akamwambia kwamba tumbo lake linakimbia. Kimya. Kisha msimamizi akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia, linakimbilia wapi. Binamu, ambaye wakati huo hakuwa na nafasi ya mazungumzo marefu, alijibu ukweli mtupu: chooni. Hapo ndipo mwenzake alipoelewa, akasema aah, una "the runs". Yaani wao tumbo halikimbii, ni mtu anayepata mbio, tena kwa wingi. Alipewa siku mbili za kupumzika, na nadhani ya pili ilikuwa ya pongezi.

Kisha wakatupeleka kutazama kriketi. Leeds kuna uwanja maarufu wa mchezo huo, Headingley, na mwenyeji wetu alituambia kwamba mchezo mzima huhesabiwa kwa mbio. Nikasema hatimaye, kitu kinachokimbia kweli. Mwanzo ilikuwa sawa: wapigaji wawili walibadilishana upande, wakivuka ikaandikwa mbio moja. Baadaye mmoja akaupiga mpira ukabiringika hadi mpakani. Hakuinua mguu. Aliegemea gongo lake akitazama mawingu, na ubao ukamwandikia mbio 4. Mwingine akaupiga ukavuka mpaka bila kugusa ardhi, akaandikiwa 6, naye amesimama palepale. Nilimkumbuka Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na kila hatua ya mbio zile aliikimbia kwa miguu yake mwenyewe.

Tangu siku ile nikawa naokota mifano. Septemba 2007 wateja wa benki ya Northern Rock waliingiwa na hofu juu ya akiba zao, na magazeti yakaandika kuwa benki imepatwa na "run". Picha zilionyesha watu wamesimama foleni nje ya matawi kwa utulivu wa ajabu, wengine wakisoma magazeti hayohayo. Tamthilia ya Agatha Christie, The Mousetrap, imekuwa ikikimbia jijini London tangu 1952, na katika miongo yote hiyo kilichoweza kuisimamisha ni janga la korona mwaka 2020. Ndani yake watu wengi wameketi sebuleni. Na siasa ndizo usiziguse: Marekani anayetaka urais hukimbia, Uingereza anayetaka ubunge husimama. Sisi hugombea. Kati ya hao watatu naona ni Mswahili aliyesema ukweli.

Nasi tusijione malaika. Mwenge wa Uhuru, ambao Alexander Nyirenda aliusimika kileleni Kilimanjaro nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, una mbio zake kila mwaka, una wakimbizaji wake rasmi, na kilomita nyingi za mbio hizo huliwa na magurudumu ya magari ya msafara.

Waliopewa kazi ya kupanga fujo hii ni watu wa kamusi kubwa ya Oxford. Katika toleo la pili, lililotoka 1989 kwa juzuu 20, bingwa wa maana nyingi alikuwa kitenzi "set", kwa maana 430. Baadaye, walipoanza kuipitia kamusi upya, Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wake, akakabidhiwa "run". Ilimchukua miezi tisa, muda wa mimba kamili, na alipomaliza kitenzi hicho peke yake kilikuwa na maana 645. Sehemu ya lawama inaangukia karne za viwanda. Treni zilipokuja, zikakimbia. Mashine za kufuma zikakimbia. Kompyuta zilipofika hazikuonewa huruma, nazo programu zake zinakimbizwa usiku na mchana.

Kwa nini lakini neno moja libebeshwe yote? Nadhani ni mkasa wa mtoto mtiifu katika ukoo. Akitumwa chumvi mara moja akaenda bila kununa, basi mafuta ya taa ni yeye, kumwita fundi ni yeye, kupeleka barua ya posa ni yeye, na ndugu zake wamekaa tu. Maneno marefu ya Kiingereza, yale ya Kilatini yenye kupendeza kwenye hotuba, ndio hao ndugu. Yanaitwa siku za sherehe. "Run" ni fupi, halina makuu, likiitwa linaitika.

Na sisi mtoto wetu tunaye. Wengine wangemtaja "piga", anayepiga simu, pasi, picha, deki, kura na miayo, na sitabishana nao. Mimi namchagua "endesha". Huyu ndiye pacha wa "run", tena mambo yao yanalingana mno hata mtu akashuku walipeana siri. Tunaendesha gari, tunaendesha baiskeli, tunaendesha duka, mkutano, kesi, semina na serikali. Halafu, kama vile hiyo haitoshi, tumbo nalo linaendesha. Mwanafunzi yeyote mgeni wa Kiswahili atafika hapo siku moja, atafunua daftari lake, ataona kwamba mtu anaweza kusema kwa sentensi fupi na sahihi kabisa, "Leo siwezi kuendesha, naendesha," na atalia kama nilivyolia mimi pale getini.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukifika stendi alfajiri ukamkuta dereva wa basi la Mwanza ameshika kiuno, akakwambia kwamba tangu usiku anaendesha, muulize anaendesha nini kabla hujakata tiketi.