Hotuba ya Profesa wa Musompo juu ya Nyota Zisizotaka Kupangwa

Mwenye simu aizime, mwenye mashaka ayazime pia. Mbele yenu amesimama mtaalamu pekee wa nyota zinazolipuka kuanzia Kolwezi mpaka Fungurume. Uprofesa nilijitunuku mwenyewe, maana hakuonekana mtu wa kunitahini.

Mwaka 1941 mwanaastronomia Rudolph Minkowski alizigawa supanova, yaani nyota hizo zinazolipuka, makundi mawili. Mwanga wake ukichambuliwa ukakosa hidrojeni, ni kundi la kwanza. Ukiwa nayo, la pili. Kazi ya mtu aliyelelewa vizuri! Mwanaastronomia mwenzake Fritz Zwicky baadaye akataka makundi matano. Tumsamehe.

Kisha zikaja nyota za majivuno, zinazong'aa mara kumi au zaidi kuliko supanova za kawaida. Kwenye kipimo chao cha mwanga wataalamu wakachora mstari kwenye -21 (namba ikizidi kuzama chini ya sifuri, mwanga unazidi, si mimi niliyeamua hivyo). Iliyouvuka ikaitwa supanova ya mwanga uliopindukia. Na iliyokwama kwenye -20 na nusu? Zipo za namna hiyo, na hakuna anayejua aziite nani.

Ninyi watu wa soko la madini la Musompo mtanielewa upesi. Mnunuzi analenga metorex, ile mashine ya kupimia madini, kwenye mfuko, anasoma asilimia ya kobalti, mchimbaji anamwita mwizi. Lakini mashine imesoma mawe ya juu tu! Ndivyo supanova iitwayo SN 2006gy ilivyowahadaa mabwana wakubwa. Ilionekana Septemba 2006 katika galaksi ya NGC 1260, ikiwa na hidrojeni waziwazi. Kundi la pili, wakasema, tena nyota kubwa ajabu. Walipoichungulia tena zaidi ya mwaka baada ya mlipuko, ganda likiwa limeshafifia, mlikuwa na chuma. Chuma tele! Mwaka 2020 watafiti wakatoa hoja kwamba ndani alilipuka kibete mweupe, yaani mabaki ya nyota iliyozeeka, mali halali ya kundi la kwanza, amevaa koti la hidrojeni la mwenziwe.

Chuma kile kilitoka wapi? Shikeni viti. Nikeli-56 inageuka kobalti-56, kobalti inageuka chuma. Kobalti, ndugu zangu! Yetu ni kobalti-59, imetulia. Ile ya nyota ukiificha depo kungoja bei, baada ya siku 77 nusu yake imekuwa chuma. Februari 2025 serikali yetu ya Kongo ilipozuia kobalti kutoka nchini, nyota hazikupewa hata barua.

Kwa hiyo naanzisha kundi jipya, lenye jina langu. SN 2006gy imo. ASASSN-15lh ya 2015 imo pia: wengine waliitangaza supanova kuliko zote kwa mwanga, wengine wakasema ni nyota iliyoraruliwa na shimo jeusi. Mimi sibagui. Zile za -20 na nusu zimo zote. Minkowski amebakiwa na chache, na hizo nazo nazichunguza. Jua nimeliingiza leo asubuhi, kwa tahadhari.