Banda la Kuni, Sufuria Mbili na Mjomba Mmoja

Ukitaka kujenga banda la kuni Njombe, anza na sufuria. Nyundo itafuata. Chagua Jumamosi ya Julai, mvua imekwisha, ukungu umelala bondeni na hakuna anayetaka kutoka kwenye blanketi. Usiwaambie ndugu kwamba kuna banda la kujengwa. Waambie mama amebandika viazi na chai ya tangawizi. Sufuria ya kwanza iwe ya asubuhi, ya pili iwe makande ya mchana, na ile ya pili ionekane tangu saa mbili ikitokota. Nimejenga mabanda matatu na wenzangu na sijaona kifaa kinachoshikilia mafundi kazini kuliko harufu ya maharage ambayo bado hayajaiva.

Sasa sababu. Kuni iliyokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Ukiitia jikoni, moto unaanza kwa kuyachemsha hayo maji, na wewe unapuliza, na moshi unakurudia usoni. Mama yangu alipika hivyo kwa miaka mingi, kwa kuni za mwati zilizofunikwa turubai uani. Turubai linalogusa kuni halikaushi kitu: linafungia jasho la kuni ndani na kuotesha kuvu. Kila Machi macho yake yalikuwa mekundu na kikohozi kilimwamsha usiku. Kwa hiyo banda hili si pambo la uani. Ni la macho yake na kifua chake, na ndiyo maana nasisitiza lijengwe sawasawa.

Mahali pa kujenga asichague fundi. Mpe kigingi anayepika, akichome mwenyewe, kwa sababu ndiye atakayetembea njia ile na mzigo mkononi asubuhi, mchana na jioni. Ombeni tu pawe pa kupitisha upepo na pasiegemee ukuta wa nyumba ya kulala, maana kuni huita mchwa na panya.

Kisha gaweni kazi kwa kufuata tabia za watu. Kila ukoo una mjomba anayekosoa akiwa ameweka mikono nyuma. Msimfukuze! Mpeni pima maji na kamba. Jicho linaloona kasoro za kila mtu ndilo mnalolihitaji siku ya kusimamisha nguzo. Mwambieni, "Mjomba, tunaomba utusimamie pembe." Atapima sentimita 90 upande mmoja, 120 upande wa pili, na kati ya alama hizo mbili lazima apate 150 kamili. Akipata 148, pembe imekosea na atafurahi siku nzima. Kwa banda la mita 3 kwa 1.5, mshazari mmoja na mwenzake yote miwili isome karibu mita 3.35.

Mashimo ni sita, matatu mbele na matatu nyuma, kila moja kina cha sentimita 60. Hapo wekeni mashemeji, mmoja kila upande. Utani wao utachimba kuliko sululu, kwa kuwa hakuna shemeji atakayekubali shimo lake liwe fupi mbele ya wakwe. Nguzo ni mirunda ya mlingoti iliyokauka, miguu imepakwa oili chafu mpaka juu kidogo ya usawa wa ardhi. Tangulizeni jiwe chini, rudishieni udongo na kokoto kidogo kidogo, mkishindilia kila tabaka. Kushindilia waachieni vijana. Wataimba, na wimbo ukikolea udongo unakaza.

Hapa nawaomba msiwe na haraka. Banda la ukubwa huu likijaa kuni za mwati linaweza kubeba zaidi ya tani mbili, na kuni haziketi zikatulia, husukuma pembeni. Pigilieni mbao za mshazari nyuma na ubavuni, kutoka mguu wa nguzo moja hadi bega la nyingine. Banda letu la kwanza lililala kifudifudi mwezi wa nne kwa sababu tuliziruka mbao hizo tukawahi makande.

Sakafu ni mirunda myembamba iliyolazwa juu ya mawe, sentimita 20 kutoka chini. Kuta tatu ziwe za mabanzi ya paini, yakiachana vidole viwili ili upepo upite. Mbele pawe wazi.

Paa liwe mita 2.2 mbele na 1.8 nyuma, maji yamwagike nyuma na si mgongoni kwa anayechukua kuni. Mabati matano ya futi 8 yanatosha na kubakiza upenu. Misumari ya bati ipigwe juu ya mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde linalopitisha maji. Watoto wapewe kopo la kuokotea misumari iliyoanguka, na kila kopo lilipwe kwa kiazi, maana kesho watacheza hapo hapo bila viatu.

Bibi mpeni kigoda na ukaguzi. Akigonganisha vipande viwili vikalia kavu, kama vyungu vizima, vinaingia upande wa kulia, vya kutumia. Vikitoa sauti nzito iliyoziba, vinakwenda kushoto, vikauke. Mimi nimeshabishana naye kuhusu kipande kimoja. Tulikipasua, kikatoka unyevu katikati. Miwati na milingoti ipasueni ikiwa bado mbichi, ndipo shoka linapopita, na pangeni kuni mkiacha nafasi ya kiganja nyuma na juu. Mwisho wa kila safu pishanisheni vipande, safu moja hivi, nyingine vile, visibingirike.

Jioni mama atakuja na kanga yake begani, ataangalia, kisha atanyoosha mkono upande wa kushoto kuchukua za chakula cha usiku. Mzuieni kwa heshima. "Mama, hizo za Novemba." Mpeni za kulia, mumbebee mpaka jikoni.